Uliza Tujibu: Wateja wa Dodoma wanakutafuta kwa maneno gani?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Dodoma, na nyingi zina kilio kimoja: mtu anaposti kila siku, wafuasi wanaongezeka, lakini mteja akitafuta huduma hiyo Google, biashara haionekani. Tumechagua maswali matano. La kwanza na la pili tumeyajibu kwa urefu, kwa sababu ndiko makosa mengi yaliko.

Nina gereji Kizota, barabara ya Singida. Instagram tuna wafuasi zaidi ya elfu nane na laiki hazikosekani. Lakini mtu akiandika "gereji Dodoma" au "fundi magari Dodoma" wanatokea wenzangu, wengine wadogo kuliko mimi. Wamenizidi nini? — Fundi, Kizota

Kaka, wafuasi si kipimo Google inachokitumia kupanga majibu yake. Hata linki unazoweka Instagram au Facebook, nyingi huwa na alama inayoiambia Google isizichukulie kama pendekezo. Mtu anapotafuta huduma ya mahali fulani, Google hutazama mambo matatu: biashara inahusiana kiasi gani na alichoandika, iko umbali gani na alipo au na mahali alipotaja, na inafahamika kiasi gani, mfano kwa wingi wa maoni ya wateja na kutajwa kwenye tovuti nyingine. Yale majibu yanayokuja na ramani yanatoka kwenye Google Business Profile, na kuifungua ni bure. Kama huna, au uliifungua ukaiacha nusu, hiyo ndiyo kazi ya wiki hii. Posti zisubiri.

Anza kwa kuitafuta gereji yako kwenye Google Maps. Mara nyingi unakuta mteja alishaiweka, jina limekosewa au pini imetua kwa jirani. Usifungue nyingine. Gusa sehemu ya kudai umiliki uichukue hiyohiyo, maana profaili mbili za sehemu moja hugawana maoni ya wateja, na moja inaweza kufungiwa.

Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kibao chako na kwenye leseni. Watu hupenda kurefusha: jina la gereji, halafu "Fundi Bora Bei Nafuu Dodoma". Hilo ni kinyume cha masharti ya Google, na ni moja ya sababu za kawaida za profaili kusimamishwa. Maneno hayo yana mahali pake. Kwanza chagua aina kuu ya biashara, moja tu, ile inayokubeba zaidi. Kisha ongeza aina nyingine unazozifanya kweli; zinaruhusiwa hadi 9. Halafu nenda kwenye orodha ya huduma uandike kila kazi kwa jina ambalo mteja analisema: kubadilisha oili, kubadilisha breki, alaimenti, kupima gari kwa kompyuta, umeme wa magari, AC ya gari, kuziba pancha. Mafundi wengi huandika "matengenezo yote ya magari" wakadhani wamemaliza. Mtu ambaye AC imekufa akitokea Singida haandiki "matengenezo yote". Anaandika AC.

Yale maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750, na hayaruhusu linki. Yatumie kumweleza msomaji: mnashughulika na magari gani, mko upande gani wa barabara, mnafungua saa ngapi, gari likilala kuna mlinzi au hakuna.

Sasa anwani, ambapo watu wa Dodoma hupata taabu. S.L.P. haikubaliki kama anwani ya profaili, kwa sababu si mahali mteja anapoweza kufika. Tumia jina la barabara na namba ya jengo iliyotokana na zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022. Kibao chake huenda kiko ukutani kwako tayari. Baada ya hapo kuza ramani mpaka uone paa lako, na uweke pini kwenye geti magari yanapoingilia. Ukibonyeza na kushikilia hapo utaona pia Plus Code, yaani mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu. Unaweza kumtumia mteja kwa WhatsApp, akaubandika kwenye Google Maps na akaletwa hadi getini.

Kinachowakwamisha wengi ni uhakiki. Google mara nyingi huomba video, na unairekodi palepale kupitia hatua wanazokuonyesha. Iwe moja, bila kukatwa, isipungue sekunde 30. Ndani yake yaonekane mambo matatu. Kwanza mahali: anza barabarani, onyesha kibao cha mtaa au majengo ya jirani. Pili biashara: kibao chako, lifti ya magari, mashine, spea zilizopangwa. Tatu kwamba wewe ndiye msimamizi: fungua stoo kwa funguo, au ingia sehemu ambayo mteja haruhusiwi. Usirekodi sura za watu wala nyaraka zenye namba za siri. Video zinazokataliwa mara nyingi zimeonyesha kibao peke yake, au mrekodi alianzia ndani, hivyo haijulikani ni Kizota au wapi. Majibu huchukua hadi siku 5 za kazi. Katika siku hizo usibadilishe jina wala anwani.

Ukishathibitishwa, weka picha halisi za JPG au PNG. Kipimo kinachopendekezwa ni pikseli 720 kwa 720, na faili lisizidi MB 5. Ya kwanza iwe ya geti kama dereva anavyoliona akitokea mjini. Kisha jenga tabia ya kuomba maoni siku ileile mteja anapokabidhiwa gari. Ndani ya profaili kuna linki ya kuomba maoni. Itume WhatsApp, au ichapishe kama QR uibandike ofisini. Usimpe mtu soda wala punguzo ili aandike, na usiwaombe ndugu. Vyote viwili vimekatazwa na maoni hayo yanaweza kufutwa. Ukipata nyota moja kutoka kwa mtu usiyemjua, mjibu kwa heshima ndani ya siku moja au mbili, umwombe namba ya gari na tarehe aliyokuja. Jibu lako linasomwa na wateja mia ambao hawajafika bado.

Na Instagram? Iendelee. Jina, namba ya simu na eneo viwe vilevile kila mahali. Simu iandikwe kwa mtindo mmoja unaoanza na +255, na linki ya Instagram iwekwe kwenye profaili ya Google.

Sisi ni kikundi cha akina mama, tunakamua mafuta ya alizeti Kibaigwa na kuuza hadi Dodoma mjini na Morogoro. Tumeambiwa tutumie "maneno muhimu" kwenye posti. Tunayapata wapi bila kulipia, na yanakaa wapi? — Kikundi, Kibaigwa

Dada zetu, maneno bora mnayo tayari kwenye simu. Fungueni WhatsApp ya biashara, mpitie mazungumzo ya mwezi mzima, na mnakili swali la kwanza la kila mteja jinsi alivyoliandika, bila kulisahihisha. Mtaona "dumu la 20 bei gani", "mnayo yaliyochujwa", "mnatuma Dom", "mna nembo ya TBS". Hayo ndiyo maneno muhimu. Wateja hao watawaandikia Google na TikTok vilevile walivyowaandikia ninyi.

Chanzo cha pili ni mapendekezo ya Google yenyewe. Fungueni kivinjari kwenye dirisha la faragha ili historia yenu isiingilie, andikeni "mafuta ya alizeti", acheni nafasi, msome kinachopendekezwa. Kisha ongezeni herufi moja moja: b, d, j, k. Rudieni hivyohivyo kwenye kisanduku cha kutafutia cha TikTok na cha Instagram, kwa sababu mapendekezo ya huko hutofautiana. Google Trends pia ni bure, ila chagueni Tanzania na mlinganishe maneno mapana, kama "alizeti" na "mafuta ya kupikia". Neno jembamba likikosa data haina maana kwamba halitafutwi. Ni kwamba watafutaji hawajafika kiwango cha kuchorwa kwenye grafu. Mkitaka makadirio ya namba, Keyword Planner ya Google hutoa viwango vya mwezi, kama 10 hadi 100 au 100 hadi 1,000, kwa mwenye akaunti ya matangazo hata kama hajalipia tangazo.

Mkipata maneno arobaini hivi, yatengeni. Yenye "bei", "jumla", "dumu", "wapi", "karibu" ni ya mtu mwenye hela mkononi. Anzeni na hayo. Yenye "faida za" au "jinsi ya" ni ya anayejifunza, yatakuja baadaye. Na msisahau mashudu. Wakamuaji wengi hutangaza mafuta peke yake, huku wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa wanatafuta "mashudu ya alizeti" na wanakosa wa karibu. Hapo ushindani ni mdogo na mzigo uko ghalani kwenu tayari.

Yanakaa wapi? Kwenye Instagram, kwanza kabisa kwenye ule mstari wa jina, tofauti na lile jina la akaunti lenye alama ya @. Mstari huo unasomwa na kisanduku cha kutafutia, lakini unabadilishwa mara mbili tu ndani ya siku 14, kwa hiyo fikirini kabla ya kugusa. Bio ina herufi 150. Bio za biashara nyingi za hapa huonekana hivi:

"Asili ni tiba. Ubora ni jadi yetu. Karibu inbox."

Hakuna bidhaa, hakuna mji, hakuna kipimo. Linganisheni na hii, ambayo nayo inaenea kwenye herufi 150:

Jina: Mafuta ya Alizeti Kibaigwa, Dodoma
Bio: "Tunakamua na kuuza jumla na rejareja: lita 1, 5 na 20. Mashudu ya mifugo. Kibaigwa, Kongwa. Tunatuma Dodoma na Morogoro. WhatsApp hapo chini."

Kapsheni ifuate mkondo huohuo. Mstari wa kwanza useme bidhaa, kipimo na mahali, kwa kuwa ndio unaoonekana kabla mtu hajafungua kusoma zaidi: "Mafuta ya alizeti, dumu la lita 20, yapo Kibaigwa na tunaleta Dodoma mjini kila Jumanne na Ijumaa." Kisha bei. Tunasisitiza hili: "bei njoo inbox" inawagharimu. Anayelinganisha wauzaji watatu hamsubiri anayeficha, na posti isiyo na neno "bei" haina cha kumwonyesha mtu aliyeandika "bei".

Kuna sababu mpya ya kuandika hivyo. Tangu tarehe 10 Julai 2025, posti za akaunti za Instagram zilizo wazi na za kitaalamu, zenye wamiliki wa miaka 18 na zaidi, zinaweza kuonekana kwenye majibu ya Google. Kwa hiyo geuzeni akaunti iwe ya biashara, iwe wazi, na mkague kwenye mipangilio ya faragha kwamba hamjazima ruhusa hiyo. Bango lililotengenezwa kwa Canva, maneno yote yakiwa ndani ya picha na kapsheni ni "Karibuni sana", mmelitolea jasho bure. Kila kilichoandikwa kwenye bango kirudiwe kwenye kapsheni, na mjaze pia maelezo ya picha kwenye mipangilio ya ziada: "madumu ya lita 20 ya mafuta ya alizeti, Kibaigwa".

Hashtegi tatu hadi tano zinatosha, zenye bidhaa na mahali. Kwenye TikTok, tajeni bidhaa na mji kwa sauti mwanzoni mwa video, na muandike maneno hayohayo juu ya video na kwenye kapsheni. Jambo la mwisho: kama hamna alama ya TBS, msiandike TBS kwa sababu tu watu wanaitafuta.

Nina saluni Chang'ombe. Nilianza kuandika "saluni Chang'ombe" kila mahali kama nilivyoshauriwa, sasa napigiwa simu na watu wa Temeke! Pia nategemea sana status ya WhatsApp. Je, Google inaiona? — Msusi, Dodoma

Dada, ongeza neno Dodoma kila unapotaja Chang'ombe, kwa kuwa ile ya Dar es Salaam ina watu wengi na posti nyingi kukuzidi. Wenye biashara Majengo nao wafanye hivyohivyo, kwani jina hilo lipo kwenye miji mingi. Taja pia alama ya karibu inayojulikana na watu wa hapo mtaani.

Status hapana. Inapotea baada ya saa 24 na inaonekana na wenye namba yako tu. Inafaa kuwakumbusha wateja ulionao. Picha hizohizo za misuko ziweke Instagram kwa kapsheni yenye jina la msuko, muda unaochukua na bei, na kwenye katalogi ya WhatsApp Business, inayobeba hadi bidhaa 500. Linki ya kukupigia chati ni wa.me ikifuatiwa na namba inayoanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika wa.me/07 na kuendelea, haifunguki, na mteja hatarudi kukuambia.

Kabla hujaweka uso wa mteja mtandaoni, mwombe ruhusa, na uitunze hiyo meseji. Picha ya mtu ni taarifa yake binafsi, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukipiga kutoka nyuma, msuko unaonekana vizuri zaidi hata hivyo.

Nina loji ya vyumba 20 Ilazo. Kila Bunge la bajeti likianza najaza posti, lakini vyumba vinajazwa na wengine kabla yangu. Nakosea wapi? — Mwenye loji

Unachelewa. Ukurasa mpya unaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla Google haijauweka kwenye majibu yake, na wageni wa kikao cha bajeti, kinachoanza Aprili na kumalizika Juni, hutafuta malazi mapema. Ukurasa huo uwe hewani Februari. Wa Nanenane, kwa wanaokuja viwanja vya Nzuguni, uwe tayari Juni.

Andika kurasa chache zenye habari tofauti kweli. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, kuna mgeni anayeshuka usiku na anataka kujua umbali hadi kwako, nauli ya bajaji, na kama mapokezi yako wazi saa hiyo. Huyo ana ukurasa wake. Anayekwenda Mtumba kwa kazi za wizara ana maswali mengine kabisa. Lakini ukinakili ukurasa mmoja mara kumi na kubadilisha tu "Kisasa", "Makole", "Area D", Google inauhesabu kama ulaghai na inaweza kuzishusha zote.

Angalia pia kadi na vipeperushi vyako. Kama vina anwani inayoishia na business.site, hiyo ilikuwa tovuti ya bure ya Google na ilifungwa Machi 2024. Wageni wanaigusa na hawafiki popote.

Kijana mmoja ameniahidi ukurasa wa kwanza wa Google ndani ya wiki mbili kwa shilingi laki nne na nusu. Anataka nimpe nywila zangu zote. Nimwamini? — Mwenye hadiwea, Majengo, Dodoma

Usimpe nywila. Nafasi ya kwanza haiwezi kuahidiwa na mtu yeyote. Google wenyewe wanasema hivyo waziwazi. Anayekuhakikishia huenda anapanga kununua wafuasi, kuficha maneno kwenye ukurasa kwa rangi ya mandharinyuma, au kukuonyesha jina la duka lako likitokea la kwanza pale unapoandika jina la duka lako. Hilo la mwisho halihitaji kulipiwa.

Muulize maswali mawili. La kwanza: atajaza maneno muhimu wapi? Akitaja ile lebo ya siri ya "keywords" ndani ya msimbo wa ukurasa kuwa ndiyo kazi yake kuu, amepitwa. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga majibu. La pili: utapimaje matokeo? Jibu tunalotaka kusikia ni Search Console, zana ya Google ya kufuatilia tovuti yako, ambayo ni bure na huhifadhi takwimu za miezi 16. Humo utaona maneno yaliyokuleta kwenye majibu, umeonekana mara ngapi na umebofywa mara ngapi. Ukionekana sana na kubofywa kidogo, kichwa cha ukurasa hakimvutii mtafutaji: kiandike upya ndani ya herufi 60 hivi, bidhaa kwanza, kisha mji. "Mabati na nondo, bei ya jumla, Majengo Dodoma" ni bora kuliko "Karibu kwenye tovuti yetu". Ukiwa huonekani kabisa, andika Google neno site: likifuatiwa na anwani ya tovuti yako bila nafasi katikati. Pakiwa patupu, huenda kurasa zako bado hazijasomwa. Hakikisha kwa kukagua anwani ya ukurasa ndani ya Search Console na uombe hapohapo uingizwe.

Ukiamua kumpa kazi, mwongeze kama meneja kwenye Google Business Profile kwa barua pepe yake, wewe ubaki mmiliki mkuu. Tovuti na jina la .co.tz visajiliwe kwa jina na barua pepe yako, na mlipane kwa hatua: sehemu kidogo kuanza, nyingine profaili ikithibitishwa, ya mwisho baada ya kuona takwimu za miezi mitatu. Kama mtu wa awali alishafungua profaili kwa barua pepe yake na hapatikani, ifungue kwenye ramani, gusa sehemu ya kudai umiliki, uombe kukabidhiwa. Anapewa siku 3 kujibu. Asipojibu, rudi kwenye ombi lako uangalie kama Google imekufungulia njia ya kuthibitisha duka mwenyewe.